Famasia inahamia wodini, na mimi na mfamasia hatusemezani

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 22 kazini, na kwa miaka sita sasa ni kiongozi wa wodi ya wanaume, magonjwa ya ndani, katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Jina la hospitali naomba nilihifadhi. Nimeitwa kikao wiki ijayo na sijui nikaseme nini, ndiyo maana nakuandikia.

Famasia yetu ni moja tu na iko upande wa wagonjwa wa nje, karibu na geti. Wodi yangu iko nyuma kabisa, ukivuka jengo la upasuaji. Daktari akishaandika dawa kwenye raundi, anayetumwa ni ndugu wa mgonjwa. Anakwenda dirishani kuuliza kama dawa ipo, anakwenda kulipa au kuhakikiwa bima, anarudi dirishani kupanga foleni na wagonjwa wa nje, ndipo aje wodini na mfuko wake. Mgonjwa asiye na ndugu tunamwendea sisi. Usiku tuko wauguzi wawili kwa vitanda 36, na wagonjwa wakizidi wengine wanalala chini. Mmoja akienda getini, amebaki mmoja. Ukifika unamkuta fundi sanifu dawa yuko peke yake na watu wa dharura wamejaa dirishani. Unasubiri. Ukishapewa dawa hupewi maelezo, na ukiuliza unajibiwa "imeandikwa kwenye boksi".

Ndiyo tukawa na kabati. Mgonjwa akiruhusiwa na dawa zimebaki, tunaweka. Akifariki, tunaweka. Seftriaksoni, jentamaisini, furosemidi, deksitrozi, maji ya dripu, kanula, na insulini kwenye friji ndogo. Mama, kabati hilo limeokoa watu. Mgonjwa akiletwa saa nane usiku, hana ndugu wala senti mfukoni, sisi tunaanza naye kwanza, mengine kesho.

Mwezi Aprili mfamasia mpya, kijana, alikuja kukagua. Alikuta humo dawa zilizopitwa na muda. Akazipanga mezani mbele ya wanafunzi wa uuguzi, akazipiga picha, akamwandikia mganga mfawidhi kwamba wodi inaficha dawa za hospitali. Tangu siku hiyo hatusemezani. Wauguzi wangu wanamwita polisi. Na kule dirishani, nimesikia kwa masikio yangu, sisi tunaitwa wezi.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku mmoja mwezi Juni umeme ulikatika. Nilikuwa zamu na binti wa mwaka wa pili kazini, kwa sababu mwenzake aliumwa. Mzee mmoja wa kisukari aliandikiwa Mixtard, insulini ya mchanganyiko, yuniti 20 kabla ya chakula cha jioni, na mwanawe alikuwa bado foleni getini. Binti akaona chakula kinapoa. Akafungua friji kwa tochi ya simu, akaazima kichupa cha mgonjwa mwingine. Lebo ilikuwa imelowa na kuchubuka. Kumbe ni insulini ile ya haraka. Alimchoma saa moja jioni. Saa nne kasoro robo mgonjwa wa kitanda cha jirani akatuita: mzee amelowa jasho shuka zima na anaongea maneno yasiyoeleweka. Tukapima sukari, 2.1, imeshuka mno. Tukampa deksitrozi, yaani maji ya sukari ya mshipani, ya asilimia 50, akazinduka mikononi mwetu. Hiyo deksitrozi nayo ilitoka kwenye kabati lile lile.

Kwenye faili tuliandika kwamba sukari ilishuka, amepewa deksitrozi, ana nafuu. Habari ya kichupa hatukuiandika. Mzee anakaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Tukikutana sokoni ananishukuru, na anawaambia watu sukari ilimshuka kwa sababu aliukataa ugali wa hospitali.

Sasa mganga mfawidhi ametangaza kwamba itafunguliwa famasia ndogo ndani ya jengo letu, ihudumie wodi tatu: wanaume, wanawake na watoto. Chumba kimeshapakwa rangi. Atakayekaa humo ni yule yule kijana na fundi sanifu mmoja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Makabati yote ya wodini yafungwe. Wauguzi wangu wanasema analetwa askari kulala sebuleni kwetu. Niupinge mpango huu au niukubali? Usiku itakuwaje? Nitafanyaje kazi na mtu aliyenidhalilisha mbele ya wanafunzi? Na ile habari ya insulini niiseme, au ninyamaze maana mzee alipona?

Muuguzi kiongozi, Kanda ya Ziwa

JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Mimi nilikuwa mfamasia wa hospitali mpaka nilipostaafu. Miaka mingi nilikaa upande ule wa pili wa dirisha, na ile kauli ya "imeandikwa kwenye boksi" nimewahi kuitamka mwenyewe kwa muuguzi aliyekuja anahema. Kwa hiyo nakujibu nikiwa na deni.

Niseme kwanza la kabati, maana ndilo linalokuuma zaidi. Kilichoanzisha kabati lile ni ule umbali kati ya kitanda na geti. Yeyote anayebaki peke yake na wagonjwa 36 usiku ataweka akiba, na ningekuwa mimi ningeweka. Kijana alipoandika kwamba mnaficha dawa, alikosea kusoma alichokiona. Lakini dawa zilizopitwa na muda zilikuwemo kweli, na hakuna aliyekuwa anazihesabu. Na kuna lingine ambalo hukuliuliza ila lazima nikuambie: dawa za mgonjwa aliyefariki zililipiwa na familia yake, au na bima yake. Zilipoingia kabatini, kuna watoto waliokabidhiwa bili ya vichupa ambavyo baba yao hakuvitumia. Najua mlikuwa mnamfikiria mgonjwa wa saa nane usiku. Ila yule wa kwanza naye alikuwa mgonjwa wenu.

Sasa mpango. Usiupinge. Lakini nenda kikaoni na swali moja na usikubali lipite bila jibu: kinachohamia kwenye jengo letu ni dirisha, au ni mfamasia? Kama ni dirisha, mtakuwa mmepunguza hatua za kutembea, na hilo si dogo, lakini ndani ya mwezi mmoja mtakuwa na foleni nyingine mlangoni kwenu, kijana yupo nyuma ya nondo anasoma karatasi, na wewe uko nje unagonga. Faida kubwa inapatikana mfamasia akitoka nyuma ya nondo na kusimama kitandani.

Jambo hili limejaribiwa zamani. Mwaka 1966, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California kule San Francisco, wafamasia walifungua famasia ndogo ghorofa ya tisa, penye wodi za upasuaji, badala ya kila kitu kutoka famasia kuu. Watu wa fani yangu wanauhesabu mradi ule kuwa mmoja wa mianzo ya ufamasia wa kumhudumia mgonjwa kitandani. Kisha kuna utafiti wa Massachusetts General Hospital, Boston, uliochapishwa mwaka 1999. Kwenye chumba cha wagonjwa mahututi walimweka mfamasia atembee na raundi ya asubuhi na apatikane kwa simu saa nyingine. Madhara ya dawa yaliyotokana na uandikaji, yale yanayoweza kuzuilika, yalishuka kutoka 10.4 hadi 3.5 kwa kila siku 1,000 za wagonjwa (mgonjwa mmoja kulazwa siku moja ni siku moja), yaani kwa asilimia 66. Chumba walicholinganisha nacho, ambacho hakikupata mfamasia, hakikuonyesha mabadiliko ya maana. Na katika mapendekezo 366 aliyotoa mfamasia yule kuhusu maagizo ya dawa, madaktari walikubali 362. Dawa zilikuwa zile zile na hospitali ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu wa dawa alikuwepo daktari aliposhika kalamu.

Hata hivyo nisikudanganye kwa namba. Pale Boston walipima makosa ya kuandika. Kosa lenu la Juni lilitokea kwenye kuchoma, na hapo raundi peke yake haitoshi. Kwa hiyo tuangalie wodi yako ilivyo.

Anza na njia ya ndugu wa mgonjwa. Famasia ikihamia jengoni lakini malipo yakabaki getini, mtoto wa mzee atatembea kule kule. Omba bili iingizwe pale pale kwenye mfumo wa kompyuta wa hospitali mnaoutumia, iwe GoTHoMIS au mwingine, na uhakiki wa bima ufanyike humo humo. Mgonjwa akiruhusiwa au akifariki, kichupa ambacho hakijafunguliwa kirudi famasia siku hiyo hiyo na bili ipunguzwe kabla familia haijaondoka. Wauguzi wako wakiona marejesho yanafanyika kweli, hakuna atakayetaka kabati la siri. Na ndugu wakikabidhiwa dawa wodini, aketi mtu awaeleze. Wewe unajua ni dawa ngapi zinakutwa chini ya mto.

Halafu maandalizi ya sindano. Chukua seftriaksoni, ile antibaotiki ya sindano. Baadhi ya maboksi yake yanakuja na ampuli ya lignokaini, dawa ya ganzi, ndani, ya kuchanganyia sindano ya msuli. Mchanganyiko huo haupelekwi kwenye mshipa kamwe. Tena dawa hiyo haichanganywi na dripu ya Ringer, kwa sababu ina kalisiamu. Nesi mwenye dripu tano zinazosubiri na simu inayolia anatakiwa kukumbuka yote hayo kwa kichwa. Mfamasia akiwa jirani, boksi linafunguliwa famasia, ampuli isiyohusika inabaki huko, na kichupa kinaletwa na jina la mgonjwa, kitanda, njia ya kutolea na cha kuchanganyia. Kwa wodi ya watoto ndiyo kabisa. Mtoto wa kilo 6 akiandikiwa jentamaisini miligramu 7.5 kwa kilo, ni miligramu 45. Ampuli imeandikwa 80 kwa mililita 2, kwa hiyo ni mililita 1.1 hivi. Hesabu hiyo saa kumi alfajiri, na mama mtu analia pembeni, usimwachie mtu mmoja. Jedwali la uzito na mililita libandikwe ukutani, liwe limetengenezwa na mfamasia na kuhakikiwa na muuguzi wa watoto. Nasema na muuguzi, maana yeye ndiye anayejua sirinji zilizopo zinapimika hadi wapi.

Upokee msaada unaopunguza kazi. Hapa nakuomba uwe mkali kidogo. Nimeona mipango mizuri ikigeuka kuwa rejista tatu mpya za muuguzi kujaza. Famasia ikija jengoni, ibebe kuagiza dawa, kuhesabu, kukagua tarehe, joto la friji na kufuatilia dawa isiyokuwepo. Muuguzi abaki na mgonjwa. Kama kwenye kikao watasema "muuguzi atajaza fomu na kuileta", uliza kwa nini fundi sanifu asipite wodini mara mbili kwa siku kuchukua karatasi za dawa mwenyewe.

Usiku sasa. Hofu yako ni ya kweli, na kufunga makabati halafu kufunga famasia saa mbili usiku ni kuwarudisha getini. Jibu lina sehemu mbili. Kabla ya kufunga, famasia iandae dozi za usiku za kila mgonjwa aliyeko wodini, zile za saa nne na za saa kumi na mbili alfajiri, ndani ya kisanduku chenye jina lake. Kwa wagonjwa wanaoingia usiku, liwepo sanduku la usiku: orodha iliyokubaliwa, idadi maalumu, limefungwa kwa lakiri yenye namba. Ukilifungua unaandika jina la mgonjwa na ulichotoa. Asubuhi mfamasia anahesabu mbele ya muuguzi wa zamu, anajaza upya, anaweka lakiri nyingine. Hilo ndilo kabati lako, ila sasa lina baraka na lina mtu anayelijaza. Na awepo mfamasia wa kupigiwa simu, namba yake ukutani.

Ndani ya sanduku kuwe na nini? Asiamue mtu kwa kubuni. Kuanzia leo usiku, kwa siku 14, weka daftari moja mezani. Kila muuguzi anapotoka kwenda getini aandike saa aliyotoka, saa aliyorudi na alichofuata. Kila dozi iliyokosa kutolewa, aandike sababu. Daftari hilo litakupa orodha ya sanduku, na litakuwa kipimo: mkirudia hesabu famasia ikishakaa miezi mitatu mtajua kama imesaidia. Kama mpaka siku ya kikao una siku tano tu, peleka hizo tano. Orodha ipitishwe na Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali, ili asije mkaguzi mwingine akaiita maficho.

Dawa moja isiingie kwenye sanduku wala kwenye droo ya wodi: potasiamu kloraidi kali. Ampuli yake inafanana na maji ya sindano, na ikisukumwa mshipani moja kwa moja moyo unasimama. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2007 iondolewe kwenye wodi za kawaida. Mgonjwa akiihitaji, dripu ichanganywe famasia na iletwe imeandikwa.

Na insulini. Ngoja nikuonyeshe kilichotokea usiku ule, maana sidhani kama umewahi kukaa ukakipigia hesabu. Mixtard 30/70 ina sehemu 30 kwa mia ya insulini ya haraka na 70 ya polepole. Katika yuniti 20 alizoandikiwa, za haraka ni 6. Binti alimpa za haraka 20 kwa mpigo, mara tatu na zaidi. Insulini hiyo huanza ndani ya nusu saa na nguvu yake hupanda sana kati ya saa ya pili na ya nne. Saa moja jioni hadi saa nne kasoro robo: ni pale pale. Sababu kubwa ni sindano ile, si ugali. Mwanga ungekuwepo, binti angeona kimiminika ni kiangavu kama maji ya kunywa, na angejua, kwa sababu Mixtard ukiizungusha kiganjani inakuwa kama maji ya mchele. Kwa hiyo pangeni: insulini ya haraka na ya mchanganyiko zisikae rafu moja. Kila kichupa kiwe na jina la mgonjwa na tarehe ya kufunguliwa kwenye plasta isiyolowa, na kikifika siku 28 kitupwe. Kuazima kichupa cha mgonjwa mwingine kukome, na kutakoma tu kama insulini inapatikana hatua ishirini kutoka kitandani kabla chakula hakijapoa. Watu wawili wasome lebo kwa sauti kabla ya kuchoma. Usiku mkiwa wawili inawezekana, ikiwa hakuna aliyetumwa getini.

Tuje kwa kijana. Alichokifanya mbele ya wanafunzi kilikuwa kibaya na ana haki ya kuambiwa. Mwambie wewe, si kupitia mfawidhi wala kikaoni. Mtafute kabla ya kikao, mahali pasipo na watu, umwambie waziwazi: siku ile ulinivunjia heshima mbele ya wanafunzi ninaowafundisha, na dawa zilizopita muda nilipaswa kuziona mimi kwanza. Sema yote mawili kwa pamoja. Ukisema la kwanza tu atajitetea, na ukisema la pili tu utarudi wodini na donge lile lile. Usimwite mwanangu mbele ya wagonjwa, hata kama umri unaruhusu. Mwite Mfamasia, naye akuite Sista.

Kisha mwalike. Aje saa moja na nusu asubuhi wakati wa kupokezana zamu, asikilize tu. Halafu asukume toroli ya dawa na mmoja wa wauguzi wako, kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho. Hajui, mdogo wangu. Mimi nilikuwa sijui mpaka siku moja sista wa wodi ya wanawake aliponishika mkono akaniambia tembea nami. Kitanda cha nne tulisimamishwa na ndugu aliyetaka maji ya moto, cha saba na kanula iliyoziba, cha tisa na daktari aliyetaka faili, na dozi ya kitanda cha kumi ikachelewa saa nzima. Niliporudi dirishani sikurudia tena kumjibu mtu habari ya boksi. Na wewe nawe nenda asubuhi moja ukakae famasia. Uone mzigo wa Bohari ya Dawa ukiletwa pungufu, uone yeye anavyochagua wodi ipi ipate na ipi isubiri.

Mkubaliane pia nani anaweza kumzuia nani. Muuguzi akiona dozi haieleweki asiichome mpaka mfamasia amejibu, na asifokewe kwa kuuliza. Mfamasia akiona agizo lina kasoro amwendee daktari yeye mwenyewe, asimtume muuguzi kubeba ujumbe wa kuchomana. Mkishindwana, mwamuzi ni daktari bingwa wa wodi. Kuhusu wauguzi wako na jina la polisi, utani huo ukomeshe wewe, na yeye akomeshe la wezi kwake. Kila mmoja aanze na watu wake.

Nimeacha mwisho swali lako la mwisho, kwa sababu nadhani ndilo lililokufanya uandike.

Sema. Umesema mzee alipona kama vile hilo linalifunga. Yule binti hajapona. Kila akifungua friji anaukumbuka usiku ule, na anajua kwamba kiongozi wake naye anajua na wote mmenyamaza. Mwite kwanza yeye, umwambie mtakwenda pamoja na kwamba wewe ndiye utakayesema kwa sababu ulikuwa zamu. Nendeni kwa matroni na daktari wa wodi, mjaze fomu ya tukio kama ilivyokuwa: umeme umekatika, lebo imelowa, vichupa viwili rafu moja, ndugu yuko foleni, muuguzi ameazima. Msipunguze chochote, hata kwamba faili halikuandikwa sawasawa. Inawezekana mtaulizwa maswali makali, na hilo siwezi kukuahidi halitatokea. Pia mpe mfamasia nakala. Hilo ndilo agizo lake la kwanza la kazi kwenye famasia mpya: mpangilio wa friji. Akilipokea kama mtu wa kazi, mmeshaanza. Akiligeuza kuwa ripoti nyingine ya picha, niandikie tena.

Halafu mzee. Amebaki akiamini alijiponza mwenyewe kwa kukataa ugali, na mtu wa kisukari anayeamini hivyo anaweza kuanza kula kwa woga, au kuruka sindano kwa woga. Anastahili kujua, naye na mwanawe. Usimwambie sokoni. Siku yake ya kliniki ikifika, muombe daktari chumba, muwe na mfamasia, mumweleze kwa lugha yake kwamba usiku ule alipewa insulini isiyo yake, kwamba ni kosa letu, na kwamba mnaomba radhi. Mfamasia awe na vichupa viwili mkononi, kiangavu na kile cha maji ya mchele, amwonyeshe cha kwake ni kipi, kisha amwachie mzee avizungushe mwenyewe mpaka avitofautishe.